Neno Refu Hukatwa Wapi, na Uzito Wake Hukaa Wapi

Kiholanzi kina desturi ya kubandika nomino juu ya nomino, bila nafasi wala kistari, mpaka neno moja lijaze nusu ya mstari. Bima anayokata mtu ili alipwe siku atakaposhindwa kufanya kazi huitwa arbeidsongeschiktheidsverzekering. Neno hilo lina herufi 33 na silabi 10, na ndani yake mna maneno matatu: arbeid (kazi), ongeschiktheid (hali ya kutofaa) na verzekering (bima). Mholanzi halioni kuwa kioja. Hulisoma kwa pumzi moja, akajua mahali pa kulikata mstari ukimwishia, na akajua pia ni silabi ipi inayobeba sauti kubwa kuliko nyingine zote. Maarifa hayo mawili, ya mkato na ya mkazo, hutegemea jambo moja, nalo ni kujua mishono ya neno iko wapi.

Mtu aliyekulia Mulekera, mojawapo ya komini nne za mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, naye huzungumza maneno marefu kutwa nzima, kwa Kiswahili na kwa Kinande, lugha ambayo wengi sasa hupenda kuiita Kiyira. Maneno yake yanarefuka kwa njia nyingine, yanakatwa kwa kanuni nyingine, na uzito wake unakaa upande wa pili wa neno. Ukiziweka lugha hizi pamoja ndipo kanuni za kila moja zinapoonekana vizuri, kwa sababu mzungumzaji hazioni kanuni za lugha yake mpaka akutane na lugha inayozipindua.

Kiholanzi si kigeni kabisa katika historia ya Kongo. Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908, sheria ya msingi ya koloni iliagiza kwamba amri zichapishwe kwa Kifaransa na kwa Kiflemi, yaani Kiholanzi cha Ubelgiji. Shuleni na ofisini Kifaransa ndicho kilichotawala, lakini stempu za posta ziliandikwa kwa lugha zote mbili, Congo Belge na Belgisch Congo, na miji ilikuwa na majina mawili. Kinshasa ya leo iliitwa Léopoldville kwa Kifaransa na Leopoldstad kwa Kiholanzi. Lubumbashi ilikuwa Elisabethstad, Kisangani ilikuwa Stanleystad, Kalemie ilikuwa Albertstad. Majina hayo yote ni maneno ambatani ya Kiholanzi: jina la mtu, kisha stad, yaani mji.

Majina hayo yanafaa kuwa somo la kwanza. Katika nomino ambatani ya Kiholanzi, mkazo mkuu huangukia sehemu ya kwanza. Mji wa Cape Town huitwa Kaapstad, na hutamkwa KAAP-stad. Kwa kanuni hiyo hiyo Leopoldstad ni LE-o-pold-stad na Albertstad ni AL-bert-stad. Elisabethstad inaonyesha jambo ambalo wanafunzi wengi wa lugha hiyo hukosea, kwa kuwa mkazo hauko kwenye silabi ya kwanza. Uko kwenye li: e-LI-sa-beth-stad. Sababu ni kwamba jina Elisabeth, likiwa peke yake, hubeba mkazo hapo, na likiingia katika neno kubwa huja na mkazo wake na kuubakiza palepale. Kanuni basi haisemi “silabi ya kwanza”. Inasema “sehemu ya kwanza, pale sehemu hiyo ilipokuwa na mkazo tangu awali”.

Tofauti hiyo humgusa moja kwa moja Mkongomani anayehamia Uholanzi au Flanders, kwa sababu maneno ya kwanza anayokutana nayo ni marefu. Kibali cha kuishi ni verblijfsvergunning. Silabi yake ya kwanza, ver, ni kiambishi kisichobeba mkazo kamwe, kwa hiyo uzito unaruka mpaka silabi ya pili: ver-BLIJFS-ver-gun-ning. Ofisi ya manispaa ni gemeentehuis, ge-MEEN-te-huis, kwa sababu ge pale mwanzoni nayo ni dhaifu. Hospitali ni ziekenhuis, ZIE-ken-huis, na bima ya afya ni zorgverzekering, ZORG-ver-ze-ke-ring. Mafunzo ya kuwaingiza wageni katika maisha ya nchi, ambayo Uholanzi iliyafanyia sheria mpya iliyoanza kutumika Januari 2022, huitwa inburgering. Hapo in ni sehemu yenye nguvu, hivyo neno hutamkwa IN-bur-ge-ring, na kozi yake ni IN-bur-ge-rings-cur-sus. Aliyezoea Kiswahili husukuma mkazo mpaka silabi ya pili kutoka mwisho, akasema verblijfsverGUNning. Mwenyeji huelewa, ila baada ya kusita kidogo, kwa kuwa sikio lake lilikuwa linasubiri uzito mwanzoni na halikuupata.

Neno likizidi kukua kuelekea kulia, mkazo hausogei. Voet ni mguu, tena mguu wa chini, wayo. Voetbal ni mpira wa miguu, VOET-bal. Voetbalstadion ni uwanja wa mpira, VOET-bal-sta-di-on. Stadion peke yake ina mkazo kwenye STA, na mkazo huo haufi ndani ya neno kubwa. Unapungua tu na kuwa wa daraja la pili. Neno refu la Kiholanzi hivyo lina ngazi za uzito: kilele kimoja upande wa kushoto, kisha vilima vidogo, kimoja kwa kila sehemu iliyobaki. Silabi zilizo katikati ya vilima hufifia, hasa zenye e hafifu ambayo karibu haisikiki. Katika verzekering ni ze pekee inayotoka vizuri. Nyingine zinapita haraka. Kiswahili hakifanyi hivyo. Irabu zake tano hubaki wazi na kamili, ziwe na mkazo au zisiwe nao, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya msemaji wa Kiswahili akizungumza Kiholanzi asikike kama anahesabu silabi moja moja.

Kanuni ya mkazo wa kwanza ina maneno yanayoivunja, na baadhi yake ni ya kila siku. Ukumbi wa mji, stadhuis, hutamkwa stad-HUIS. Boerenkool, mboga ya majani ambayo Waholanzi huiponda pamoja na viazi wakati wa baridi, ni boe-ren-KOOL. Kundi linalowahusu zaidi wasomaji wa mashariki mwa Kongo ni la majina ya pande za dunia. Afrika Kusini ni Zuid-Afrika, na mkazo uko kwenye Afrika, si kwenye Zuid. Mkoa wa Kivu Kaskazini ni Noord-Kivu, unaotamkwa Noord-KI-vu. Majina ya aina hii huandikwa kwa kistari, na kistari hicho kinaashiria muungano uliolegea, ambamo sehemu ya pili haijakubali kushushwa cheo.

Kwa nini lugha ichague kuweka uzito mwanzoni? Jibu la maana liko kwenye mpangilio wa neno lenyewe. Katika neno ambatani la Kiholanzi kitu kinachotajwa huja mwisho, na kinachokieleza hutangulia. Tafelpoot ni mguu wa meza: tafel ni meza, poot ni mguu. Mkazo ukikaa kwenye TA-fel, unakaa kwenye kile kinachoutofautisha mguu huu na miguu mingine. Kiswahili hupanga kinyume, kitu kwanza na maelezo baadaye, lakini ukisikiliza vizuri “mguu wa meza”, uzito wa kirai kizima huangukia ME ya meza. Lugha mbili zisizo na udugu wowote, moja ikitazama kushoto na nyingine kulia, zinakipa nguvu kitu kilekile, yaani kinachotofautisha. Kwa hiyo LEopoldstad na “mji wa LeoPOLdi” haziko mbali sana kama zinavyoonekana kwenye karatasi.

Mkato wa silabi unafuata mishono ya neno kwa ukali zaidi kuliko mkazo. Ndani ya neno moja lisilo ambatani, Kiholanzi hugawa kama lugha nyingi: konsonanti moja kati ya irabu mbili huenda na irabu ya pili, na konsonanti mbili hugawanywa, moja kushoto na moja kulia. Appel (tofaa) ni ap-pel na bakker (mwokaji) ni bak-ker. Viambishi vinavyoanza kwa irabu huvuta konsonanti kuelekea kwao, hivyo kitenzi lezen (kusoma), chenye mzizi lees, hugawanywa le-zen. Penye mshono wa neno ambatani, hata hivyo, mvutano huo hukoma. Avondeten, chakula cha jioni, ni avond na eten, na hukatwa a-vond-e-ten. Mtu asiyejua maana angekata a-von-de-ten, akawa ameligawa vibaya neno ambalo kila mtoto wa Kiholanzi hulisikia kila siku jioni.

Katikati ya sehemu mara nyingi huingia kiunganishi, s au en. Arbeid huwa arbeids, na s hiyo hubaki upande wa kushoto wa mkato: ar-beids-on-ge-schikt-heids-ver-ze-ke-ring. Viunganishi hivi vimewasumbua hata wenyeji. Mageuzi ya tahajia ya mwaka 1995 yaliwaamuru waandike pannenkoek badala ya pannekoek, aina ya chapati nyembamba ya unga na mayai, na watu waliozoea tahajia ya zamani hawakufurahi. Penye irabu zinazogongana kwenye mshono, huwekwa kistari: bata wa baharini ni zee-eend, kwa kuwa e nne mfululizo zingemchanganya msomaji asijue zee inaishia wapi.

Mshono usipoonekana, neno moja huweza kusomwa kwa namna mbili. Dijkramp likigawanywa dijk-ramp ni maafa ya tuta linalozuia maji. Likigawanywa dij-kramp ni kukakamaa kwa misuli ya paja. Massagebed ni kitanda cha kukandiwa mwili ukikata massage-bed, na ni sala ya umati ukikata massa-gebed. Valkuil ni shimo la mtego kwa val-kuil, na ndege wa kuwaziwa, nusu kipanga nusu bundi, kwa valk-uil. Waholanzi huyafanyia mzaha maneno haya, ila tuta kubomoka si mzaha kwao. Mafuriko ya tarehe 1 Februari 1953 yaliua watu 1,836 nchini mwao, na jina la tukio hilo ni neno ambatani, watersnoodramp, linalogawanywa wa-ters-nood-ramp. Watoto huliona “snood” katikati, neno lenye maana ya uovu, kabla ya kufundishwa kwamba s ni ya waters, na kwamba kinachobaki ni nood, dhiki.

Programu za kompyuta zinazopanga maandishi hukutana na tatizo hilohilo. Nyingi hutumia orodha ya mfuatano wa herufi unaoruhusu au kukataza mkato, mbinu ambayo Frank Liang aliieleza katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1983. Orodha hiyo inajua herufi tu, maana haijui. Mbele ya dijkramp haina namna ya kuuliza kama habari inahusu bahari au paja.

Kiswahili hakina shida ya namna hiyo, kwa sababu silabi zake hazijali mishono. Karibu kila silabi huishia kwa irabu, na konsonanti zote zilizo mbele ya irabu huifuata irabu hiyo. Kitenzi pigana kina mzizi pig-, kiambishi -an- na irabu ya mwisho -a, lakini hugawanywa pi-ga-na, mkato ukipita katikati ya mzizi bila huruma. Mwandishi au mpiga chapa hahitaji kujua mzizi uko wapi. Anahitaji kusikia irabu. Ndiyo maana mtoto wa darasa la kwanza huweza kugawa neno la Kiswahili ambalo hajawahi kulisikia, kazi ambayo mtoto wa Kiholanzi hawezi kuifanya kwa uhakika kwa dijkramp.

Kuna mahali ambapo mgawanyo wa Kiswahili unahitaji uangalifu, napo ni kwenye m na n. Katika mtoto, m inasimama peke yake kama silabi: m-to-to. Katika mbuzi, m imeshikamana na b, na neno lina silabi mbili: mbu-zi. Nchi ni n-chi, na mkazo uko kwenye n yenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo silabi ya pili kutoka mwisho. Katika mwanamke mkazo hukaa juu ya m: mwa-na-M-ke. Kiswahili cha Beni na Butembo, kama cha sehemu kubwa ya mashariki mwa Kongo, kimelirahisisha jambo hili kwa kuirudishia m irabu yake. Watu husema mutu, mutoto, anamupenda. Idadi ya silabi haibadiliki, mu-tu kama m-tu, na mkazo hubaki palepale, isipokuwa sasa una irabu ya kuukalia. Walimu wa Kiswahili sanifu huliita kosa. Kwa mtazamo wa silabi, ni utaratibu safi zaidi kuliko wa sanifu.

Maneno yaliyotoka Kiarabu yameleta silabi funge chache, kama lab-da, sul-ta-ni, daf-ta-ri, mak-ta-ba. Maneno yaliyotoka Kifaransa, ambayo Beni ina mengi, kwa kawaida huongezewa irabu yakaingia katika mkondo. Bureau imekuwa biro na commune imekuwa komini. Mkazo nao huhama: Kifaransa huuweka mwisho wa kirai, Kiswahili huurudisha nyuma silabi moja, na ofisi inakuwa BI-ro.

Mkazo wa Kiswahili huhesabiwa kutoka mwisho wa neno, na kwa sababu hiyo hutembea. SO-ma, so-ME-ni, so-ME-sha, so-me-SHA-na. Kila kiambishi tamati kinapoongezwa, uzito unasogea kulia ili ubaki silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi awali haviusogezi: SO-ma na wa-ta-ka-po-SO-ma hubeba mkazo palepale, hata neno likirefuka mara tatu. Kiholanzi ni picha yake ya kioo. Hapo VOET haitikisiki hata ungeongeza nini upande wa kulia. Maneno machache ya Kiswahili hukaidi. Lazima hutamkwa LA-zi-ma, na barabara hubadili maana kulingana na mkazo: ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, ba-RA-ba-ra ni sawasawa kabisa.

Kiswahili kina maneno ambatani pia, mengi kuliko watu wanavyodhani: mwanafunzi, kipazasauti, batamzinga, mpigapicha, kiinuamgongo, kifunguamimba. Mkazo mkuu huenda kwenye sehemu ya mwisho, kwa kanuni ileile ya silabi ya pili kutoka mwisho: ki-fu-ngu-a-MI-mba. Sehemu ya kwanza hubakiwa na kilima kidogo, kama ile ya pili katika Kiholanzi. Mshono wenyewe husikika kwa nadra, ila hujitokeza kwenye wingi. Mwanamke huwa wanawake, sehemu zote mbili zikibadilika, ishara kwamba lugha bado inaona maneno mawili humo. Mwanafunzi huwa wanafunzi, na funzi haigeuki.

Urefu wa neno katika lugha hizi mbili haupimwi kwa kipimo kimoja. Kiholanzi kina neno angstschreeuw, ukelele wa hofu, lenye herufi 13 na silabi mbili tu, na konsonanti nane zikiwa zimepangana katikati. Tutawasiliana lina herufi 13 vilevile, na silabi saba: tu-ta-wa-si-li-a-na. Mholanzi anayejifunza Kiswahili husema lugha ni rahisi kutamka lakini haiishi. Mwenyeji wa Butembo anayejifunza Kiholanzi husema neno limekwisha kabla hajapata mahali pa kuvuta pumzi.

Kinande kimeleta jambo la tatu, nalo limeandikwa katika vitabu vya isimu kote duniani. Lugha hii, ambayo upande wa Uganda, kwenye miteremko ya Rwenzori, huitwa Lukonzo, ina silabi wazi kama Kiswahili, lakini haitegemei mkazo. Inatumia toni, yaani sauti ya juu na ya chini katika silabi. Silabi ya pili kutoka mwisho hurefushwa panapoishia kirai, na nomino hubadili mlio kulingana na mahali iliposimama: ikiwa peke yake ina wimbo mmoja, ikifuatwa na kivumishi ina mwingine, ikiwa mwisho wa swali ina wa tatu. Larry Hyman, mwanaisimu wa California, alichapisha uchambuzi wa toni hizo za mipakani mwaka 1990. Ngessimo Mutaka, mwanaisimu ambaye Kinande ni lugha yake ya kuzaliwa na aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yaoundé I, alitoa kitabu kizima kuhusu toni za maneno mwaka 1994.

Kazi ya wawili hao inayogusa zaidi suala la mkato ni makala yao ya mwaka 1990 kuhusu urudufishaji wa nomino. Mnande anayetaka kusema “mguu hasa, mguu wa kweli” hurudia shina la neno: okugulu, mguu, huwa okugulugulu. Kinachorudiwa ni silabi mbili za mwisho. Shina lenye silabi mbili hutosha lenyewe. Shina lenye silabi moja huazima kiambishi awali chake ili kufikia mbili. Shina lenye silabi tatu au zaidi halirudufishwi kabisa, kwa sababu kuchukua silabi mbili tu kungekuwa kulikata shina vipande, na Kinande hakikubali shina livunjwe. Afadhali neno lisiwepo kuliko kipande cha shina kitembee peke yake.

Hapa ndipo lugha ya milima ya Kivu inapokutana na Kiholanzi bila kutarajiwa. Kiswahili huukata mzizi pig- katikati bila kujali; Kinande, ndugu yake wa Kibantu, katika urudufishaji hufanya kama Mholanzi anayekataa kukata a-von-de-ten. Mshono una haki. Ni kosa basi kusema, kama inavyosemwa mara nyingi, kwamba lugha za Kibantu huhesabu silabi na lugha za Ulaya hutazama maana. Kila lugha hufanya yote mawili, katika sehemu tofauti za sarufi yake.

Kamusi ya Kinande na Kifaransa, kazi ya Kambale Kavutirwaki na Mutaka, ilitolewa na makumbusho ya Afrika ya Kati ya Tervuren, mji wa Flanders ulio kando ya Brussels. Taasisi hiyo kwa Kiholanzi huitwa Koninklijk Museum voor Midden-Afrika, na Midden-Afrika, kama Noord-Kivu, huweka mkazo kwenye sehemu ya pili. Huko Tervuren ndiko alikofanya kazi pia Achille Meeussen, Mflemi aliyechapisha ujenzi upya wa sarufi ya Kibantu mwaka 1967, na ambaye jina lake limebaki kwenye kanuni ya toni inayofundishwa kila panapofundishwa lugha za Kibantu: sauti ya juu inayofuata nyingine ya juu hushuka.

Matatizo ya kila siku ya mkato huko Beni na Butembo hayatoki kwenye Kiholanzi. Yanatoka kwenye Kifaransa, lugha ya shule, ya mahakama na ya kompyuta nyingi za wapiga chapa. Kifaransa, kama Kiholanzi, hugawa konsonanti mbili, moja kila upande. Programu iliyowekwa katika Kifaransa hukata Bu-tem-bo, na komini zake Vu-lam-ba na Bu-len-ge-ra. Kwa Kiswahili na kwa Kinande mb na ng ya hapo ni mwanzo wa silabi: Bu-te-mbo, Vu-la-mba, Bu-le-nge-ra. Majina ya watu hupata madhara hayohayo. Kambale ni Ka-mba-le, lakini kwenye mwisho wa mstari wa tangazo huonekana Kam-, kisha bale chini yake. Mkazo nao huvutwa: Kasereka ni Ka-se-RE-ka sokoni, na darasani, Kifaransa kikitawala, anaitwa KasereKA. Mulekera limenusurika kwenye mkato, kwa kuwa halina konsonanti zilizoungana. Kwa lugha zote hukatwa Mu-le-ke-ra, ingawa Mfaransa atakazia ra na mwenyeji atakazia ke.

Kwa mwandishi, mwalimu au mpiga chapa anayetaka kuepuka makosa hayo, kazi si kubwa. Azime mkato wa Kifaransa kwenye kompyuta kabla ya kuandika Kiswahili au Kinande, akate kila silabi baada ya irabu, asitenganishe mb, nd, ng, nj, nz, ny, ch, sh wala ng', na aache m ya mtu isimame peke yake. Akiandika Kiholanzi, aachane na kanuni hizo zote, afungue kamusi, na atafute kwanza mshono.